Sura ya Saba: Siku Nne Bila Neno

Siku ya mwisho ya mashindano niliamka nimeamua mambo mawili. La kwanza, nicheze gofu kama mtu mwenye akili timamu. La pili, mpira wangu wa mwisho ukishaingia shimoni, namrudishia Kinyozi kifungo chake na mapenzi yetu yaishie hapo hapo kwenye nyasi, mchana kweupe, watu wakiona.

Mtu akikununia siku moja, unamsingizia kwamba kichwa kinamuuma. Siku ya pili unasema labda kazi imemzidi. Siku ya tatu je? Na ile ilikuwa ya nne! Simu naipiga, inaita mpaka inachoka yenyewe. Ujumbe naandika, naona kabisa ameusoma, jibu hakuna. Nikimsalimia, anageuza uso kama mtu niliyemwibia kuku. Mimi si malaika jamani. Nina roho ya nyama kama wengine.

Niseme mapema, Kinyozi hanyoi nywele za mtu. Ni mkata nyasi wa klabu yetu ya gofu, na jina hilo alipewa na wacheza gofu wenyewe, kwa jinsi anavyozinyoa zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, tunazoziita griini, mpaka unaona haya kuzikanyaga. Kila alfajiri anakata mashimo mapya kumi na nane kwa chombo chake cha mviringo, na kila bonge la nyasi na udongo analolitoa kwenye shimo jipya, analitia kwenye shimo la jana. Yaani anatia kiraka. Na mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pamoja na mama yangu. Viraka ndivyo vilivyotukutanisha.

Aliingia dukani mwaka jana na ovaroli yake imekatika kifungo kimoja. Nikapekua makopo yote, sikupata kinachofanana.

"Nitakubadilishia vyote vitano," nikamwambia.

"Na hivi vinne vya zamani?"

"Kaa navyo. Au unataka nivikaange?"

Akacheka. Akachagua kimoja, cheusi, chenye matundu manne, akakiweka juu ya cherehani yangu. "Hiki kaa nacho wewe, fundi. Nimekuona ukicheza. Unapoinua mpira kwenye griini unaweka kipande cha karatasi kuonyesha ulipokuwa, na karatasi inapeperuka."

Tangu siku hiyo, kila nikiinua mpira, naweka kifungo cha Kinyozi. Mpaka siku ya tatu ya mashindano. Siku hiyo nilikitia mfuko wa nyuma, nikaweka sarafu.

Sasa shangazi. Huyu ni dada yake baba, mwalimu mkuu mstaafu, na ndiye kapteni wa timu yetu. Mashindano yenyewe ni ya timu za wanawake wa ridhaa kutoka nchi mbalimbali, watu ambao hawalipwi kucheza, na safari hii yalikuja kuchezwa kwenye kiwanja chetu. Kila timu ina wachezaji watatu. Kila siku zinahesabiwa kadi mbili zilizo bora, yaani zenye mapigo machache, ya tatu inawekwa kando. Kwetu alikuwepo Nesi, ambaye ni nesi kweli, na Mhandisi, anayesimamia mabomba ya maji. Na mimi, wananiita Sindano. Siku tatu mfululizo kadi iliyowekwa kando ilikuwa yangu.

Asubuhi ile shangazi alinikuta chumba cha kubadilishia nguo, nafunga viatu kwa hasira mpaka kamba zinalia.

"Umelala?" akauliza.

"Nimelala."

"Mwongo. Macho yamevimba kama umeng'atwa na nyuki."

"Shangazi, naomba leo usinitajie mtu."

"Nimemtaja nani? Mimi nimetaja nyuki." Akakaa kwenye benchi, akanitazama viatu, akanitazama uso. "Ila nilikwambia tangu mwanzo. Nilisema mtoto wa kaka yangu asome watu kabla ya kuwapenda. Kuna yule wa benki..."

"Yule wa benki anakula kucha zake!"

"Kucha ni zake. Wewe zinakuuma nini?"

Nikacheka bila kupenda, halafu machozi yakataka kufuata. Ikawa kama kuna neno limemfika shangazi kwenye ulimi, akalimeza. Akanishika bega akasema, "Jikaze. Leo ni leo. Kesho utalia ukitaka, nitakuletea na ndoo."

Nilipotoka nje nikamwona. Amesimama kando ya trekta, chombo chake cha kukatia mashimo mkononi, ovaroli imefungwa vifungo vyote vitano nilivyovishona mimi. Kiwiko cha kulia kilikuwa na tope. Macho yetu yakakutana. Lo! Nikajisemea, mpe nafasi ya mwisho.

"Habari za asubuhi," nikasema, kwa sauti ya kusikika.

Midomo yake ikafunguka kidogo. Akamtazama shangazi, akanitazama mimi, kisha akainama kusafisha chombo ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Basi. Nikapapasa mfuko wa nyuma. Kifungo kilikuwepo. Nikakiambia kimoyomoyo, leo unarudi kwenu.

Nilicheza kundi la mwisho kabisa, pamoja na wachezaji wa zile timu mbili zilizokuwa mbele yetu. Shangazi alisukuma kigari changu cha fimbo. Sijui ni hasira au ni nini, lakini mpira siku ile ulikwenda nilikoutuma. Shimo la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu nikaokoa pigo moja. Nilikuwa nampiga Kinyozi kila nikiupiga mpira, Mungu anisamehe.

"Taratibu," shangazi akasema. "Utaupasua huo mpira."

"Upasuke."

Tulipomaliza shimo la tisa Mhandisi, aliyekuwa ameshamaliza mchezo wake, alikuja mbio akamnong'oneza shangazi. Shangazi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Nesi. Ameingiza mpira bwawani mara mbili kwenye shimo moja. Halafu akachanganyikiwa."

"Masikini! Yuko wapi?"

"Anakunywa chai ya sukari nyingi. Atapona." Akanisogelea. "Lakini kadi yake leo haifai. Ya Mhandisi ni nzuri. Kwa hiyo ya pili ni yako. Leo unahesabiwa, mama."

Siku tatu nilikuwa mtu wa kukamilisha idadi. Sasa ghafla nikahisi mikono ni ya mtu mwingine.

"Tuko wapi?" nikauliza.

"Nafasi ya tatu tunaipata tukichanga vizuri. Timu yetu haijawahi kupata hata ya kumi."

"Shangazi, kwa nini umeniambia?"

"Nisingekuambia ungenilaumu. Nimekuambia unanilaumu. Haya, chukua fimbo."

Mashimo yaliyofuata nilicheza roho mkononi. Nikapoteza pigo moja, nikalirudisha. Kila tulipopita niliona kwa mbali ovaroli ya bluu, nyuma ya miti, nyuma ya watazamaji, haisogei karibu wala haiendi mbali. Nikaudhika. Mtu kama hunitaki si uende ukale!

Tukafika shimo la kumi na nane. Mapigo mawili yakanifikisha griini, hatua kumi na mbili kutoka shimoni. Watu walikuwa wamezunguka pande zote, Nesi yuko mbele kabisa na kikombe chake, Mhandisi amemshika mkono. Shangazi akaenda kuzungumza na kiongozi mmoja, akarudi uso umembadilika.

"Sema," nikamwambia.

"Ukiingiza kwa pigo moja, medali ya shaba ni yetu. Ukiingiza kwa mawili, tunalingana na timu iliyokwisha kumaliza, na kwenye kulingana wanatupita kwa kadi ya mchezaji wao wa tatu."

"Moja tu?"

"Moja tu."

Nikachuchumaa kusoma njia ya mpira. Nyasi zilikuwa zimelala vizuri, mteremko kidogo kutoka kushoto. Nikaifuata njia kwa macho, na katikati yake, hatua nne kutoka shimoni, nikauona. Duara hafifu, upana wa kikombe. Kiraka. Lile lilikuwa shimo la jana, na mpira wangu ulipaswa kupita juu yake.

Asiyecheza gofu hajui hofu hiyo. Kiraka kikiwa juu kidogo tu, mpira unaruka. Kikiwa chini, unakosa nguvu na kupinda. Nimeona mashindano yakipotea juu ya kiraka cha mtu mvivu.

"Kizunguke," shangazi akanong'ona. "Piga polepole, upinde kwa juu, ukwepe hilo duara."

"Nikipiga polepole hautaingia."

"Ukipita juu yake unaweza kuruka."

Nikamtazama. Halafu nikainua macho, nikamtafuta mwenye kiraka. Alikuwa nyuma ya kamba, amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Uso wake haukuwa na kiburi wala dharau. Ulikuwa wa mtu anayeumwa.

Mimi ni fundi. Najua mtu anayetia kiraka ili kionekane kimetiwa, na najua mtu anayetia kiraka ili nguo isahau kama ilichanika. Mwaka mzima nimetembea juu ya kazi ya mwanamume huyu. Naweza kumkasirikia kwa maneno aliyoninyima, lakini mkono wake naujua.

"Napita juu," nikasema.

"Una hakika?"

"Kwa mtu sina hakika, shangazi. Kwa kiraka ninayo."

Sarafu nikaiacha mfukoni. Nikatoa kifungo kwenye mfuko wa nyuma, nikakiweka nyuma ya mpira, nikauinua, nikaufuta, nikaurudisha. Kifungo nikakishika kiganjani, chini ya fimbo. Nikapiga.

Mpira ukaenda. Ukafika kwenye duara, ukapita juu yake kama hakuna kitu, haukuruka, haukutikisika. Ukaendelea. Ukatumbukia.

Kelele! Nesi alimwaga chai. Mhandisi, mtu mzito asiyecheka ovyo, alinibeba akanizungusha. Shangazi alikaa chini kwenye nyasi na sketi yake nzuri, anasema "Jamani! Jamani! Jamani!" kama kinanda kilichokwama. Wale wachezaji wawili wa kundi langu walinikumbatia, tukashikana mikono, mmoja akanipa kadi yangu aliyokuwa ameniandikia alama siku nzima. Sabini na moja. Nikaikunja nikaitia mfukoni, kwa maana kichwa changu kilikuwa sehemu nyingine.

Nikaanza kutembea moja kwa moja kuelekea kwenye kamba, kifungo kiganjani. Watu wanapiga makofi, wananishika mabega, siwaoni. Hasira ilikuwa imerudi yote, tena na nyongeza, kwa sababu furaha kama ile nilitaka kuishangilia na yeye na nisingeweza.

Nikasimama mbele yake, kamba katikati yetu. Nikanyoosha mkono.

"Chukua kifungo chako. Nimemaliza."

Hakukichukua. Akabadilika rangi. Akanitazama mfuko, akatazama hema la waamuzi upande ule mwingine, akanitazama tena. Nikainua kamba ili nipite niende zangu, nikalilie mbele kwa mbele.

"Kadi!" akasema.

Nikasimama.

"Nini?"

"Kadi yako! Hujasaini! Ukitoka hapa bila kusaini, imefutwa! Kimbia, fundi!"

Siku nne nilikuwa nimengojea neno lake, na lilipokuja likawa hilo. Lakini mwili ulielewa kabla ya moyo. Kadi isiyosainiwa ni karatasi tu. Mapigo sabini na moja, chai ya Nesi, jasho la Mhandisi, vyote vinakwenda na maji. Nikageuka nikakimbia. Shangazi naye ndiyo kwanza anakumbuka, akainuka na nyasi zimemganda nyuma, anapiga kelele, "Kadi! Mimi kapteni mzima nimesahau kadi!" Tukaingia hemani tumeongozana kama tunafukuzwa na mbwa.

Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, alikuwa ameketi na kalamu. "Tulidhani hamuitaki hiyo medali," akasema.

Nikakagua shimo kwa shimo. Nikasaini. Akapiga mhuri.

Tulipotoka, Kinyozi alikuwa amesimama palepale nyuma ya kamba, kofia mikononi. Shangazi akatangulia. Nami nikafuata, nikidhani anakwenda kumfokea.

"Kijana," shangazi akasema, "umevunja ahadi."

"Nimevunja, mama. Nisamehe."

"Tulisema mpaka kadi ya mwisho isainiwe. Hukungoja."

"Kama ningengoja, isingesainiwa."

Nikawatazama wote wawili. "Ahadi gani? Shangazi, ahadi gani?"

Shangazi akajikung'uta sketi. Sijawahi kumwona akikosa pa kuweka macho. "Siku moja kabla ya mashindano, makapteni tuliketi kikao. Mmoja akauliza mbele ya wote kama ni kweli mchumba wa mchezaji wetu ndiye anayekata mashimo. Nilitamani ardhi inimeze. Huyu anapewa kila jioni karatasi inayoonyesha mashimo ya kesho yatakuwa wapi. Neno moja na wewe, hata salamu, watu wangesema anakupa siri. Nikamfuata bandani kwake, nikamwambia achague. Aende likizo, au asikusemeshe neno siku zote nne."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie wewe? Ukipewa siri asubuhi, saa nne imeshafika kwa muuza vitambaa."

"Na wewe je?" nikamgeukia Kinyozi. "Ulishindwa hata kuniandikia kwamba umekatazwa?"

"Kukuandikia ni kukusemesha," akasema. "Na likizo nisingeweza. Mashimo utakayochezea wewe nimwachie nani?"

Nilitaka kuendelea kukasirika. Kweli nilitaka. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima.

"Niseme lote," shangazi akasema, kwa sauti ndogo. "Nilitaka ashindwe. Nilijua siku ya pili atakuita pembeni, nami nikuambie, unaona? Hana msimamo. Nimekaa siku nne namtazama akiumia, ukimtukana kwa macho, na hakufungua mdomo. Leo asubuhi nilikaribia mimi kusema. Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, asingemaliza hata kifungua kinywa."

Kinyozi akakohoa. "Jana uliweka sarafu," akaniambia.

"Uliona? Kutoka kule mitini?"

"Ilikuwa inametameta. Kifungo changu hakimetameti." Akaizungusha kofia mikononi. "Usiku ule sikula."

Hapo ndipo nilipoishiwa hasira. Nikauliza kitu kilichonikaa rohoni tangu griini. "Kile kiraka ulitia saa ngapi?"

"Alfajiri. Nilikitia mara mbili. Cha kwanza kilikaa juu kidogo."

"Juu kiasi gani?"

"Unene wa uzi."

"Hukujua mpira wangu utapita pale."

"Ningejuaje? Ndiyo maana nilitia vyote kumi na nane vilevile."

Nikainua kamba. Safari hii nilipita chini yake, nikamkumbatia, tope la kiwiko na yote, mbele ya timu zote na watazamaji. Nesi akapiga mluzi. Mhandisi akasema, "Hatimaye!" Nikasikia moyo wa mtu yule unavyokwenda mbio chini ya vifungo vyangu vitano, nikajua sikuwa peke yangu niliyehesabu siku.

"Inatosha, inatosha," shangazi akasema, huku anafuta macho kwa kofia. "Kijana, Jumapili uje kula kwa kaka yangu. Nitakaa pembeni yako mimi mwenyewe. Baba yake huyu ana maswali mengi, kwa hiyo tafadhali, uje na maneno."

"Nitakuja nayo, mama. Ninayo ya siku nne."

"Na wewe," akanigeukia, "kuna kitu ulitaka kumrudishia mtu."

Nikafungua kiganja. Kifungo kilikuwa kimenigandia, kimeacha alama ya duara na matundu manne kwenye ngozi. Wakati huo kipaza sauti kikaita timu ya tatu ijongee ikachukue medali.

"Ngoja waite tena," nikasema. Nikakirudisha kifungo mfukoni. Sarafu nikampa shangazi.